Usingoje Kukuche

Binti zangu wa Bulembia, na ninyi mlio mbali kule Kisinga na Bwera, nimechoka kidogo, basi mnivumilie. Maneno haya niliwaambia mama zenu, na baadhi yenu niliwaambia hata bibi zenu. Bado kila msimu naletewa msichana anayetetemeka ndani ya shuka, mimba imemtoka tangu wiki iliyopita, na aliyemleta ananiambia, "Bibi, tulidhani itaisha yenyewe." Mara nyingi huisha yenyewe, ni kweli. Hilo ndilo linalotuponza. Ingekuwa kila mimba inayotoka inaua, kila mtu angekimbia hospitali. Kwa kuwa wengi hupona wakiwa kwao, yule mmoja ambaye hatapona naye huachwa alale mpaka kukuche.

Niondoe lawama kwanza, kwa sababu mwanamke aliyelaumiwa hasemi anaumwa wapi. Kati ya mimba 100 ambazo wenyewe wamekwisha kuzijua, 10 hadi 15 hivi hutoka, na nyingi katika hizo hutoka kabla ya wiki ya 12. Hizo za mwanzoni, karibu nusu au zaidi, mtoto alikosewa tangu siku ya kutungwa: vinasaba vyake, vile anavyorithi kwa baba na mama, vilizidi au vilipungua. Mimba ya namna hiyo haifiki popote, hata mama akilazwa kitandani miezi yote tisa. Hakuitoa kwa kubeba ndoo. Hakuitoa kwa kugombana na wifi yake, wala kwa sindano ya uzazi wa mpango aliyochomwa miaka miwili iliyopita. Yapo yanayotoa mimba na yanatibika, na malaria ndiyo ya kwanza kutajwa huku kwetu, kisha kaswende, kisha kisukari kisichotunzwa. Hayo hujulikana kwa kupima damu. Hayajulikani kwa kikao cha ukoo.

Sasa mwili. Mimba changa ikitoka, tumbo hukaza na kuachia, ni uchungu wa hedhi ulioongezwa nguvu, na damu hutoka kwa wingi pamoja na mabonge. Kilichokuwamo kikishatoka chote, maumivu makali hulegea ndani ya saa chache, au siku moja mbili, na damu huanza kupungua. Lishikeni hilo neno kupungua, maana ndilo nitakalowauliza mkija kwangu. Leo iwe kidogo kuliko jana, kesho iwe kidogo kuliko leo, rangi itoke kwenye nyekundu iwe ya kahawia, mpaka ikatike. Kwa wengine ni siku saba, kwa wengine wiki mbili. Ikirudi kidogo siku uliyopanda na dumu la maji, mwili unakwambia umeharakisha, keti. Ikirudi kwa wingi, hapo usikae tena.

Mnaniuliza, damu nyingi ni ipi? Swali zuri, maana kwa mwenye kuvuja kila damu ni nyingi. Wakunga hupima kwa pedi. Pedi kubwa mbili kulowa kabisa ndani ya saa moja, na saa inayofuata vilevile, hiyo siyo damu ya kungoja. Wenye kutumia vitambaa hesabu yao ni hiyohiyo: umekunja kitambaa vizuri, kimelowa hadi damu inateremka mapajani, umebadilisha, na cha pili kimelowa kabla chai haijachemka. Ondoka. Bonge la ukubwa wa limau, na jingine nyuma yake, ondoka pia.

Na kabla hata hamjahesabu pedi, mtazameni mgonjwa mwenyewe. Mvute ukope wa chini kwa kidole gumba, uangalie ndani. Pale panapotakiwa kuwa pekundu pakiwa peupe, damu imekwenda. Angalia viganja, angalia ulimi. Mwanamke anayekwisha damu huona kiu, moyo humwenda mbio hali amelala, hutokwa jasho la baridi, na akisimama dunia humzunguka. Msimwache aende chooni peke yake, nawaomba. Wengi huangukia huko, na choo chetu mnakijua kiko wapi, kule mteremkoni nyuma ya migomba. Kuna na yule ambaye alikuwa akilalamika, kisha akanyamaza, akawa mtulivu sana, na watu wa nyumbani wakashusha sauti wakisema amepata usingizi. Mwamsheni. Kama haamki vizuri, huo siyo usingizi.

Homa nitaikalia zaidi, maana hapa ndipo tunapopoteza watu wenye akili zao. Kasese, wilaya yetu, ni nchi ya malaria. Mtoto akipata joto ni malaria, mzee akitetemeka ni malaria. Basi mwanamke ambaye mimba ilimtoka juzi akianza kutetemeka, mume huteremka duka la dawa akarudi na vidonge vya siku tatu. Na wala simlaumu. Huenda hata walimchoma kidole wakampima, na kipimo kikasema ndiyo, malaria ipo. Lakini watu wa kwetu wanaweza kuwa na vijidudu vya malaria kwenye damu, na homa yenyewe ikawa inatoka kwenye kizazi. Magonjwa mawili hukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Kizazi kilichobakiza mabaki ya mimba huoza taratibu, vijidudu huzaliana humo, kisha huingia kwenye damu, na vikishaingia kwenye damu mgonjwa hana siku tena, ana saa.

Kwa hiyo homa yoyote baada ya mimba kutoka, nyuzi 38 kwenda juu kama mna kipimajoto, mwili kuwaka au kutetemeka kama hamna, ipelekwe kwa mkunga. Malaria itapimwa hukohuko, na tumbo litapimwa hukohuko. Vivyo hivyo uchafu unaonuka, au usaha, au tumbo ambalo leo linauma kuliko jana. Aliyepewa vidonge hospitali vya kusaidia kizazi kujisafisha anaweza kuona baridi na joto saa chache za mwanzo, na hilo wataalamu humweleza. Likivuka siku nzima, arudi. Na vile vidonge vya rangi mbili vya kuua vijidudu vilivyobaki kwa jirani, viacheni vilale vilikolala. Vikinywewa vinne vitano hushusha joto kiasi cha kuwadanganya, ugonjwa unaendelea chinichini, na siku mkifika hospitali dawa zenye nguvu zinakuta kazi mara mbili.

Bega. Watu hucheka nikitaja bega. Kuna mimba inayotunga nje ya kizazi, kwenye mrija, na hiyo hutoka damu kidogo tu nje huku ndani ya tumbo mrija umepasuka na damu inajaa. Damu hiyo ikifika juu, chini ya mbavu, huchokoza neva ambayo maumivu yake husikika begani. Mwanamke aliyekosa hedhi, ana damu kidogo, tumbo linamchoma upande mmoja, na sasa anasema bega linauma na kichwa chepesi, msimkande. Huyo anahitaji chumba cha upasuaji, na anakihitaji leo.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika makala ambayo wakunga wa nchi nyingi bado hufundishwa. Walisema mama huuawa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Hawakuwa wakiizungumzia Kyanjuki, lakini ningeweza kuwatajia huo ucheleweshaji nyumba kwa nyumba.

Kuamua kwetu kunakwendaje? Binti anavuja damu saa mbili usiku. Anamwambia mama mkwe. Mama mkwe anasema hata yeye ilimtokea, akapona. Wanampigia mume, yuko Mpondwe sokoni, simu haipatikani. Wanasema tumngoje, kwa sababu pesa ziko kwake na neno liko kwake. Saa sita usiku bado wanangoja. Enyi mama wakwe, rafiki zangu, wenye umri kama wangu: ilikutokea ukapona, tumshukuru Mungu, lakini mwili wako siyo kipimo cha mwili wa mke wa mwanao. Na ninyi waume, toeni neno hilo mapema. Mwambie mama yako leo, mbele ya mkeo, kwamba ikitokea hatari hakuna haja ya kukungoja. Simu ipigwe mkiwa njiani.

Kufika ni kazi yetu sisi watu wa milimani. Mnaujua mto Nyamwamba. Tarehe 1 Mei 2013 uliteremka na mawe makubwa ukaingia mpaka Hospitali ya Kilembe, wagonjwa wakahamishwa. Mei 2020 ukarudi, ukaivunja tena, na siku hizo boda boda zilikuwa zimekatazwa kubeba abiria kwa sababu ya korona. Hospitali ambayo wazee wenu waliijua tangu siku za shaba, wakati mgodi unafanya kazi na Kiswahili cha kambini ndicho kilichowaunganisha watu wa kila kabila, ikawa haiko pale tulipozoea kuikuta. Ndiyo maana nasema huduma iulizwe kabla haijahitajika. Kituo gani leo kina mkunga wa usiku? Kipi kina chumba cha upasuaji? Yule mhudumu wa afya wa kijiji, VHT wenu, anajua, na kujua hayo ni sehemu ya kazi yake. Mwenye boda boda anayekubali kupanda usiku ni nani, na namba yake iko kwenye simu ya nani? Chama cha machela cha mtaa wenu bado kipo, au kimebaki cha kubebea maiti tu? Ulizeni hilo siku ya mkutano, mnapochanga za mazishi.

Kwa upande wa Bwera mna hospitali ya serikali hapohapo karibu na mpaka, na Kagando ya Kanisa la Uganda iko Kisinga njiani. Vituo vya serikali havidai malipo ya matibabu tangu mwaka 2001, vya kanisa hulipisha kidogo, na yote mawili ni nafuu kuliko sanda. Kama kilicho karibu ni kituo cha afya cha daraja la tatu, anzeni hapo, msikipite kwa dharau. Mkunga wa pale anaweza kuweka dripu, kuanza sindano za kuua vijidudu, na kuwaandikia barua ya rufaa. Mgonjwa aliyetangulia kupata dripu huhimili barabara kuliko aliyeanza safari mkavu.

Na kuhudumiwa? Mkifika, msiseme "anaumwa tumbo" halafu mkanyamaza kwenye benchi. Semeni: alikuwa na mimba, hedhi ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, damu ilianza siku fulani, amelowesha pedi kadhaa tangu jioni, ana homa au hana, ameanguka au hajaanguka. Na dawa alizokunywa, zote, hata ile ya miti shamba aliyoletewa na shangazi kwenye chupa ya soda. Baadhi ya hizo hukaza kizazi, baadhi huumiza ini, na daktari asipojua anatibu gizani. Damu ya kuongezewa huku kwetu hutegemea benki ya damu ya kanda iliyoko Fort Portal, zaidi ya kilomita 70 kutoka Kasese mjini. Siku friji ya hospitali ikiwa tupu, ile saa mliyoipoteza nyumbani mkimngoja mtu wa Mpondwe mtaitafuta hamtaipata.

Mimi ningeongeza la nne juu ya yale matatu, ingawa wale watafiti wangeniambia limo ndani ya la kwanza: hofu. Msichana ambaye hajaolewa, au mwanafunzi, au mke ambaye mume yuko safarini mwaka mzima, damu ikitoka anajua watakachosema. Watasema ameitoa mwenyewe. Sheria ya Uganda kuhusu kutoa mimba ni kali, na kila mtu ameisikia, kwa hiyo anajifungia. Binti yangu, nisikilize. Kumtibu mwanamke ambaye mimba imemtoka ni halali katika nchi hii, iwe imetoka yenyewe au imetolewa, na mhudumu anatakiwa kumtibu. Kazi yake ni kuzuia damu. Wapo wahudumu wenye midomo, nimefanya kazi nao, najua. Vumilia mdomo wake, upate dripu yake. Na wewe mama wa msichana, maswali yako ni ya haki, lakini yaweke hadi awe na damu ya kujibia.

Nchi imesogea. Mwaka 2016 hesabu ya Uganda ilikuwa wanawake 336 wanaokufa kwa mambo ya uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Uchunguzi wa 2022 ukasema 189. Ni hatua, na mimba zinazotoka zimo ndani ya hesabu hiyo. Lakini kila aliyemo katika hesabu hiyo alikuwa na jina, na wengine niliwajua.

Huko hospitali watafanya nini? Hofu nyingine imejaa hapo, kwa sababu ya neno kusafishwa. Watampima, pengine kwa picha ya tumbo. Wakiona kizazi kiko tupu na damu inapungua, watamrudisha nyumbani na maelezo. Wakiona mabaki yapo na hali yake ni nzuri, wanaweza kumwacha mwili ujimalizie kwa tarehe ya kurudi, au kumpa vidonge vinavyokaza kizazi. Damu ikiwa nyingi au kuna homa, watasafisha: kimrija chembamba, na bomba la mkono linalovuta taratibu, dakika chache, akiwa macho na amepewa dawa ya maumivu. Siku hizi ule mtindo wa zamani wa kukwangua kwa chuma Shirika la Afya Duniani linashauri uachwe. Kusafishwa vizuri hakuzibi uzazi. Kinachoziba uzazi ni yale mabaki yaliyooza yakachoma mirija huku watu wanamhurumia binti, hawampeleki. Na aulize kundi lake la damu. Wachache wetu wana kundi hasi, na mimba ikiwa imevuka wiki 12 kuna sindano yake inayolinda mtoto wa baadaye.

Akirudi nyumbani, hapo ndipo ninyi wa nyumbani mnapoanza kazi, na ndipo mnapojisahau, kwa sababu hakuna mtoto wa kuonyesha. Aliyejifungua hupikiwa uji. Huyu wa mimba kutoka siku ya tatu namkuta kwenye mteremko na gunia la kahawa mgongoni, kamba kwenye paji la uso, shingo imekaza mishipa, na nyuma ya gauni amejifunga sweta ili lisionekane doa. Namwuliza, nani kakutuma? Ananiambia, hakuna aliyenituma, Bibi, ila hakuna aliyenizuia.

Mzuieni. Siku chache za mwanzo alale, ainuke kujinyoosha, atembee uani. Kazi nyepesi arudie anapojisikia. Mizigo, jembe na kupanda na maji vingoje damu ikatike. Maumivu apewe panadol. Tumbo lisikandwe kwa nguvu wala kwa maji ya kuunguza. Kitambaa cha uvuguvugu juu ya kitovu kinatosha. Aoge kila siku kwa maji safi, nje tu. Ndani kusiingizwe kitu chochote, si majani, si pamba, si kidole cha mganga, kwa sababu mlango wa kizazi bado haujafunga vizuri na kila kinachoingia hubeba vijidudu. Na kukalia beseni la maji ya moto yenye mizizi, ambako wengi mnakupenda, mniwie radhi, hapana.

Chakula siyo kigumu, tumejaliwa. Dodo yaani mchicha, sombe yaani kisamvu, maharage, mukene yaani dagaa, ini siku pesa zikipatikana, na ugali wa bundu wa kushibia. Ndimu au chungwa juu ya mboga husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai huyazuia, basi ingoje kama saa moja baada ya kula. Vidonge vyekundu vya kuongeza damu alivyopewa avinywe hadi mwisho, hata choo kikiwa cheusi. Ndivyo vilivyo, asiogope.

Jambo moja linawatisha sana waliokuwa wamevuka miezi minne: maziwa. Siku ya pili, ya tatu, matiti hujaa na kuuma na kuvuja, na hakuna wa kunyonya. Nimeona mwanamke aliyevumilia uchungu wote bila kutoa chozi, akalia kwa hili. Asiyakamue, maana kukamua ni kuyaita. Afunge sidiria inayoshika vizuri, aweke kitambaa cha maji baridi, anywe panadol, na kwa siku kadhaa yatakauka. Titi likiwa jekundu, gumu upande mmoja, na homa juu yake, aende kituo.

Walioajiriwa, ninyi wa maofisini, wa kiwandani na walimu, mna haki ambayo wengi hamkuambiwa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mwanamke siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na imeandika wazi kwamba angalau wiki nne kati ya hizo zifuate kujifungua au mimba kuharibika. Imeandikwa hivyo, na mimba kuharibika imo. Na mume ana siku nne za kazi, mkewe akijifungua au mimba ikimtoka. Siku nne, bwana mdogo. Zitumie kuteka maji.

Hedhi itarudi baada ya wiki nne hadi sita, wengine nane. Ikipita hapo bila kurudi, au kichefuchefu na dalili za mimba zikiendelea, au kipimo cha mkojo bado kinaonyesha mimba baada ya wiki nne, arudi hospitali; huenda yapo mabaki, au ilikuwa mimba ya zabibu, ambayo hufuatiliwa kwa vipimo kwa miezi. Lakini yai haliingoji hedhi. Linaweza kukomaa ndani ya wiki mbili tangu mimba kutoka, na wangapi wamepata nyingine kabla hawajaona hata tone. Kulala na mume kungoje damu ikatike na maumivu yaishe, na yeye mwenyewe awe tayari, na hili la mwisho wanaume hulisahau. Asiyetaka kushika haraka aombe sindano, vidonge, kijiti au kitanzi siku hiyohiyo ya matibabu. Mara nyingi anaweza kuanza papo hapo, ila kitanzi hungoja kama kuna maambukizi.

Anayetaka mtoto naye huniuliza, Bibi, ningoje muda gani? Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilishauri angalau miezi sita. Tafiti za baadaye, kama ile ya Uskoti ya mwaka 2010, ziliona waliopata mimba kabla ya miezi sita hawakudhurika kwa hilo. Mimi namtazama mtu. Kama ukope bado ni mweupe, angoje damu irudi. Kama moyo bado unalia usiku, angoje. Kama yuko sawa, hedhi imerudi na yeye na mumewe wanataka, sina sababu ya kumkataza. Zikitoka mbili tatu mfululizo, waende wote wawili kupimwa, mke na mume.

Na huo moyo usipuuzwe. Kulia ni haki yake, hata kwa mimba ya wiki nane ambayo wengine hawakuijua. Lakini zikipita wiki mbili halali, hali, hazungumzi, au ameanza kusema afadhali angekufa, huo ni ugonjwa kama homa ilivyo ugonjwa, na hospitali unatibiwa. Msimwache peke yake usiku.

Mimba ijayo, aende kliniki mapema asingoje tumbo lionekane, alale ndani ya chandarua, aanze vidonge vya foliki hata kabla hajashika, na kuanzia wiki ya 13 apewe dawa ya kuzuia malaria kila mkunga atakapomwambia. Aliyewahi kutunga nje ya kizazi aombe picha ya tumbo mara tu hedhi inapokosekana.

Nimalize na yule aliyenitumia mtoto jana na ujumbe kwamba anaona haya kwenda kituoni, kwa kuwa anayehudumu ni kijana wa kiume wa rika la kaka yake. Nimemuulizia. Keshokutwa zamu ni ya mama mtu mzima. Kama ni wiki ya pili na damu inapungua, amngoje huyo mama, hakuna ubaya. Kama pedi zinalowa namna ile niliyoeleza, aende sasa hivi kwa huyohuyo kijana, na mmoja wenu amsindikize.